Mofini, redio na siku tisa za Kalya

Kwa miaka mitatu hakuna kanuni iliyoingia kwenye kitabu cha kikosi chetu kabla mimi sijasema "imepita". Kikosi ni cha Arma 3, mchezo wa kompyuta wa kivita tunaoucheza pamoja mtandaoni. Tunakutana kila Jumamosi saa tatu usiku, watu thelathini na kitu kutoka hapa Kigoma, Tabora na Mwanza, na wawili wako Bujumbura.

Asiyeucheza hudhani ni kukimbia na kufyatua risasi. Ukiwa na ACE, programu ya nyongeza inayofanya mchezo ufanane zaidi na vita halisi, risasi ya mguuni inakutoa damu, mapigo ya moyo yanabadilika, na mwenzako asipowahi na bendeji unazimia. Mofini nayo, dawa ya maumivu, ikizidi inaua. Ndiyo maana tuna kitabu: nani abebe nini, nani aseme lini redioni, helikopta itue wapi.

Februari nilikwenda Kalya kufunga sola. Ukishapanda boti Ujiji kuelekea kusini, mtandao unakuwa wa kubahatisha. Nilikaa siku tisa. Siku niliyoondoka, mkuu wetu wa tiba, binti anayesomea uuguzi Tabora, alikuwa ameleta rasimu: mofini ibebwe na waganga wa kikosi tu, kwa sababu majeruhi wawili walikufa mikononi mwa wenzao waliowachoma sindano juu ya sindano. Hakuna aliyethubutu kuipitisha. Jumamosi ilipofika, nusu ya kikosi ikafuata kanuni ya zamani, nusu rasimu. Wakagombana katikati ya operesheni, na watatu wakaondoka moja kwa moja.

Niliporudi, nimeshuka tu Ujiji, simu ikaanza kuita ujumbe mfululizo. Wa mkuu wa tiba ulikuwa mfupi: "Shikamoo kaka. Rasimu ya mofini bado inakusubiri. Watu wananiuliza, sina la kuwajibu."

Hilo la mwisho liliniuma sana. Nilimpa cheo, nikamnyima kauli.

Usiku ule niliandika waraka. Mkuu wa tiba anapitisha mwenyewe kila kanuni ya sura ya 4, wa redio sura ya 5, wa magari na helikopta sura ya 6. Kanuni ikigusa sura mbili, wakuu wote wawili wakubali. Wasipoelewana, msaidizi wangu aamue ndani ya saa 48. Mkuu akisafiri, naibu wake anashika, lakini mkuu amtaje mapema na kwa maandishi. Sura ya 1 nimebaki nayo: kupokea wanachama, umri, kufukuza mtu. Hiyo inagusa utu wa mtu, na anayefukuzwa ana haki ya kujua nani amemfukuza.

Msaidizi wangu aliogopa. "Mkuu, kila mmoja atakuwa na jeshi lake." Nikamwambia majeshi ya kweli yanaishi hivyo: kamanda anagawa mamlaka, lawama hagawi. Kanuni mbaya ikipita, nitakayejibu mbele ya kikosi ni mimi. Kwa hiyo nimejiachia nafasi moja: naweza kufuta kanuni ndani ya siku 7, mradi niandike sababu na kila mtu aisome.

Kuandika kulikuwa kwepesi. Wiki ya pili mkuu wa redio akapitisha kanuni kwamba mapigano yakianza, redio ya masafa marefu iongewe na makamanda wa seksheni peke yao. Mimi nisingeipitisha. Napenda askari wa mbele aniambie anachokiona kwa sauti yake. Nilianza kuandika sababu za kuifuta, nikafika mstari wa nne, nikaona ninachoeleza ni mazoea yangu, si kasoro ya kanuni. Nikafuta nilichoandika. Jumamosi nikacheza kwa kanuni yake. Hewani kulikuwa kimya kuliko nilivyozoea, na amri zilifika. Bado siipendi sana, na bado ipo.

Mwezi uliopita nilisafiri tena kusini, siku sita. Niliporudi nikafungua kitabu kabla ya kusoma ujumbe mwingine wowote. Sura ya 4 ilikuwa na kifungu kipya cha adrenalini, kimepitishwa Alhamisi saa nne usiku, jina la mkuu wa tiba na tarehe pembeni. Jumamosi walikuwa wameshakitumia. Nikakisoma mara mbili, nikarudisha simu mfukoni, nikaenda kusaidia kushusha betri.