Nilivyokiona kifuko cha maji kwenye pafu la mtoto bila sitiskani

Huku Turkana nimechoka kusikia kila mtoto mwenye kikohozi cha muda mrefu akiandikiwa TB. Kijana niliyeletewa na nyanya yake alikuwa amemaliza dozi nzima ya TB na bado anakohoa. Homa hana, hajakonda.

Picha ya kifua ilionyesha duara jeupe chini kulia, kingo laini kama yai. Nikauliza: "Nyanya, mbwa wenu hulala wapi?" Akajibu, "Na watoto, daktari. Angelala wapi tena?" Mayai ya tegu wa mbwa hutoka na kinyesi, mtoto huyameza, na mdudu hujijengea kifuko cha maji mwilini. AMREF, shirika la afya, ilianza kupambana na ugonjwa huu, hidatidi, hapa mwaka 1983. Watu wazima wengi huupata kwenye ini, lakini watoto hupatwa sana mapafuni.

Mkubwa wangu mmoja kazini akanipigia: choma sindano, uvute maji uyapime. Nilikataa, na hadi leo nina hasira. Maji yale yakivuja, mtoto anaweza kuzimia kwa mzio na kufa palepale, na mbegu za mdudu zikatapakaa kifuani kuota upya.

Sitiskani, mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili, ilikuwa Eldoret, maelfu ya shilingi bila kuhesabu nauli. Nilikuwa na ultrasaundi. Nikaambiwa pafu halionekani kwa ultrasaundi kwa sababu ya hewa. Kweli, ila picha ya eksirei iliyopigwa ubavuni ilinionyesha kifuko kimegusa ukuta wa kifua kwa nyuma, na hapo hakuna hewa ya kuzuia. Nikamkalisha kijana akiwa amenipa mgongo, mkono juu ya kichwa ili mbavu zitanuke. Nikaweka kichwa kidogo cha mashine kati ya mbavu: ukungu mtupu. Nikamwambia atoe pumzi yote na asivute. Nikashuka ubavu mmoja. Weusi ukafunguka! Maji safi, ukuta wa mistari miwili. Nikamgeuza ubavu, chembe zikainuka ndani ya maji na kutua polepole. Kisha nikahamia kwenye ini, ambalo wengi hulisahau wakishaona pafu, nikakuta kingine kidogo chenye sura ileile. Ubishi ukaisha.

Kipimo cha damu kilirudi hasi. Hakikunitikisa, maana kifuko cha pafu ambacho hakijapasuka mara nyingi hakionekani kwenye damu. Albendazoli, dawa ya minyoo, nayo sikumpa kabla ya kuonwa na daktari wa upasuaji, kwa kuwa yaweza kukipasua kifuko cha pafu. Mtoto akikohoa ghafla maji ya chumvi yenye vipande vya ngozi nyeupe, ujue kimepasuka: mkimbizeni hospitali.

Alipasuliwa, kifuko kikatolewa, na kikohozi kimekwisha. Wadogo zake nimewapima ini wote. Mmoja anacho, kidogo, na dawa ameshaanza.