Kidole Kilichoandika Mavumbini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mbukwenyi. Somo letu wiki hii ni Yohana 8:1–11. Naomba mlisome lote kabla ya kuendelea, hata kama mnalijua kwa kichwa.

Kwanza nina jambo la kuungama mbele yenu. Jumatatu moja mwezi uliopita nilikuwa kwenye daladala natoka kazini Mtumba, hapa Dodoma, nimebanwa dirishani, simu mkononi. Ikaingia picha: kijana amesimama kando ya bodaboda, amembeba mtoto anayelia, mguu mmoja wa mtoto una ndala ya bluu na mwingine hauna kitu. Chini yake maandishi: "Wazazi wa Nkuhungu tuwe macho, huyu anaiba watoto. Sambaza haraka kabla hajafika mbali." Juu ya ujumbe kulikuwa na vile vishale viwili vinavyoonyesha kwamba umesambazwa mara nyingi. Vishale vile vilitakiwa kunishtua. Mimi vilinipa imani. Nikajisemea, watu wote hawa hawawezi kukosea. Gari halijafika Ihumwa nilikuwa nimeshaituma kwenye magrupu matatu: la jumuiya, la kwaya na la wazazi wa darasa la nne.

Jioni ile watu walimzunguka kijana pale kijiweni. Kioo cha pembeni cha pikipiki kilivunjwa, taa ya mbele ikapasuliwa, na mmoja alikuwa ameshaokota jiwe. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa watu, akapenya katikati na bakora yake akauliza swali moja tu: "Mama wa huyo mtoto ni nani?" Kijana akatoa mfukoni kadi ya kliniki, imekunjwa mara nne, imeloa jasho. Wakaisoma kwa tochi za simu zao. Mama wa mtoto ni dada yake kijana, aliyekuwa amejifungua mwingine kwa upasuaji siku mbili nyuma na hawezi kunyanyua kitu. Mjomba alikuwa amempeleka mpwa wake chanjo ya surua ya miezi 18. Ile picha ilikuwa imekatwa. Kushoto kwake, mahali palipoondolewa, palikuwa na geti la kliniki.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma Yohana 8 kwa namna nyingine. Angalieni jinsi wale waandishi na Mafarisayo walivyoleta habari. Wanasema mwanamke huyu amefumaniwa alipokuwa akizini. Torati kwenye Walawi 20:10 inawataja wote wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume yuko wapi? Wamemwacha nje. Wameleta habari nusu, wameizungushia umati, na wanadai jibu hapo hapo. Hapo ndipo Yesu akainama, akaandika kwa kidole chake katika nchi.

Watu wamebishana miaka na miaka aliandika nini. Injili haisemi, na mimi sitaki kubahatisha. Kinachonigusa ni kuinama kwenyewe. Sisi wa Dodoma mavumbi tunayajua. Kiangazi ukiandika jina lako uani kwa kidole, upepo unalifuta kabla hujaingia ndani. Bwana alichagua mahali ambapo maandishi hayadumu, akakaa pale umati ukizidi kumhoji. Alipojiinua akasema neno moja kuhusu asiye na dhambi na jiwe la kwanza, kisha akainama tena. Mara mbili! Wakaondoka mmoja mmoja, wakianzia wazee.

Tena yule mwanamke alikuwa na kosa kweli, maana mwishoni anaambiwa asitende dhambi tena. Kijana wa Nkuhungu hakuwa nalo. Mwenye kosa alipewa muda ule wote, na asiye na kosa mimi sikumpa hata dakika mbili za kupiga simu moja.

Kidole hiki changu kina historia. Mwaka 2015 nilikibonyeza kwenye mashine ya kuandikisha wapiga kura. Mwanzoni mwa 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, nilikuwa nimeshapanga foleni nikakibonyeza tena. Serikali inakijua. Mtandao wa simu unakijua. Kila ujumbe ninaotuma una alama yangu, na bado nilituma kana kwamba sina jina. Kutoka 23:1 inasema wazi: "Usivumishe habari za uongo." Aya inayofuata inakataza kufuata umati kutenda uovu. Hazikuwekwa pamoja kwa bahati tu, nadhani.

Najua wengine mtasema hizi si nyakati za kunyamaza. Ni kweli, na hapa naomba tusielewane vibaya. Mwishoni mwa Oktoba 2025, uchaguzi mkuu ulipofanyika na intaneti ikakatika nchini, wengi wetu tulikaa siku kadhaa bila kujua hali ya ndugu zetu walioko mikoa mingine. Mtandao uliporudi simu zilijaa picha. Nyingine zilikuwa za kweli na za kuumiza, na nyingine sikuweza kujua zilipigwa wapi wala lini. Novemba 14 Rais alipolihutubia Bunge hapa hapa Dodoma alitoa pole kwa waliofiwa na kutangaza tume ya uchunguzi. Maana yake waliofiwa wapo. Baadhi yetu tukawajibu kwa haraka ile ile niliyoitumia kutuma picha: huyu anasambaza kila kitu, yule anafuta kila kitu na kusema "tuombee amani tu". Ndugu zangu, kumwambia aliyefiwa anyamaze kwa jina la amani ni jiwe pia. Yesu alipoinama hakuwa anamkwepa yule mwanamke. Alibaki naye mpaka mwisho, umati wote umeondoka, akamsikiliza. Tungefanya hivyo kwa familia moja tu iliyoko jirani, tungejua mengi zaidi ya yaliyo kwenye simu zetu, na tungekuwa na haki ya kuyasema kwa sauti, hata mbele ya wakubwa.

Kazi hii itazidi kuwa ngumu. Zamani tapeli alikuandikia "ile hela tuma kwenye namba hii" ukacheka ukafuta. Leo akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mchungaji wako ikikuomba mchango, na uso wa kiongozi ukitamka asichotamka. Macho na masikio peke yake hayatoshi kuwa mashahidi. Kumbukumbu la Torati 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu, na mimi siku hizi nauliza nani alikuwepo, nani anamfahamu mhusika, nani amempigia. Mara nyingi jibu linapatikana nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Jumamosi nilikwenda kwa mama yake kijana. Anauza karanga na ubuyu mbele ya nyumba yake, kwenye ungo. Nilimwambia mimi ni mmoja wa walioituma. Alinipa kigoda, akaendelea kupima karanga kwa kikombe kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, ile picha bado ipo?" Nilitaka kusema nimeifuta. Kwangu nimeifuta, na kwenye magrupu yote matatu nimeandika kuomba radhi. Lakini ujumbe wangu wa kwanza ulisambazwa na watu nisiowajua, na ule wa kuomba radhi sijamwona hata mmoja aliyeupeleka kwingine. Nikamjibu, "Ipo, mama. Sijui ipo kwa nani."

Tumechangishana kidogo kwa ajili ya taa na kioo. Bado kuna pengo, na mwenye chochote ampatie mhazini wa jumuiya. Yule mama amekubali Alhamisi hii tusalie kwake, saa kumi na moja jioni. Tutasoma Yohana 8 pale uani. Walioituma ile picha, naomba tuwahi kidogo, kijana atakuwepo kabla hajatoka kwenda kijiweni.