Hapana, Siwafundishi Kulia: Siku Moja Kazini

Nikimwambia mtu kwamba nafundisha vijana kuandika tamthilia fupi na kuziigiza wenyewe, swali la kwanza huwa, "Aah, unawafundisha kulia?" La pili: "Na kazi yako hasa ni ipi?" Basi leo nimeamua kuiandika siku nzima, uchovu ukiwa bado haujanitoka.

Saa moja asubuhi. Nasoma miswada. Vijana wa miaka 14 hadi 17 huandika kama watu waliokulia mbele ya skrini, maana ndivyo walivyo. Mchezo wa dakika kumi una mahali tisa: hospitali, ndani ya gari, uwanja wa ndege, hospitali tena. Nusu ya wahusika hawaonani, wanatumiana ujumbe wa simu. Ukurasa wa pili mtu ameshakufa na hata jina lake hatujalijua. Halafu yale maelekezo ya jukwaani: "Anakumbuka alivyokuwa na furaha zamani." Nayapigia mstari na kuandika pembeni, "Hadhira italionaje hili?" Nadhani nimeliandika swali hilo kuliko ninavyoandika jina langu. Ukurasa mmoja wa mazungumzo huchukua kama dakika moja jukwaani, kwa hiyo kurasa kumi ndio ukomo wetu. Kila asubuhi hakosekani aliyeleta ishirini na kitu.

Saa tatu. Kunyoosha viungo, kupumua kwa tumbo, kupaza sauti bila kukwaruza koo. Wapita njia hudhani tunacheza.

Saa tatu na nusu, kalamu mkononi. Zoezi la leo: wahusika wawili, mahali pamoja, wakati mmoja usiokatika. Mmoja anataka kitu, mwenzake hataki kukitoa. Marufuku kutaja hisia: hakuna "nina hasira", hakuna "umeniumiza". Wanalalamika kwanza, kisha wanainama.

Binti mmoja kaandika dada wawili. Mkubwa anataka kuondoka nyumbani, mdogo ameficha funguo nyuma ya mgongo na anamuuliza maswali ya ovyo tu. Umefunga dirisha? Simu ina chaji? Utavaa koti hilohilo? Ukurasa mzima hakuna aliyesema "usiende". Nikawapa wengine wawili waisome kwa sauti, mwenyewe nikamketisha nyuma, mdomo umefungwa. Hiyo ndiyo kanuni yangu: mwandishi haelezi chochote, maana siku ya onyesho hatazunguka kiti kwa kiti akiieleza hadhira alichokusudia. Walipofika kwenye koti, hata wale wawili wanaopiga soga siku zote walinyamaza. Nikaona mshahara wa leo ni halali.

Kuna upande mwingine ambao watu hawauoni. Mwambie kijana aandike anachokijua, atakuandikia nyumbani kwao. Kwa hiyo tangu mwanzo huwa nawaeleza mambo mawili. Badilisheni majina, umri na mahali. Na nikisoma jambo linaloonyesha kwamba kuna mtoto anaumizwa, sitaahidi siri. Nitalifikisha kwa mtu mzima mwenye dhamana ya kulinda watoto. Leo kulikuwa na mswada mmoja wa kunikosesha raha, nikamwita mwandishi kando. Kumbe kaitoa kwenye filamu, na alifurahi mno kwamba niliamini.

Saa sita ukumbi ulikuwa wetu, kwa maandishi kabisa. Tukakuta kikao. Tukasubiri kwenye ngazi hadi saa saba na robo, vijana wakikaririana mistari, mimi nikikata vipande vya utepe wa gundi vya kuweka alama za mlango na meza sakafuni. Ukumbi ukipatikana, nusu yao wanaipita "meza" katikati. Meza hiyo, jamani! Zungukeni!

Halafu ikaja tamthilia inayohusu redio. Baba na mwana wanatengeneza redio mbovu. Baba kapoteza kazi, hajasema. Mwana anajua, naye hajasema. Nzuri sana, mpaka ukurasa wa saba, ambapo baba anasimama na kutoa hotuba ya ukurasa mzima kuhusu uaminifu katika familia. Mwandishi, kijana wa miaka 16, anaipenda hotuba hiyo kama mboni ya jicho. Mwigizaji wake haijui hata nusu, na kila akikwama anageukia ukutani, mgongo kwa watazamaji.

Wakati huohuo akaingia mzee mmoja mwenye cheo chake pale, kuja "kuona maendeleo". Akakaa mbele. Hotuba ilipoanza akaanza kutikisa kichwa kwa furaha. Ilipoisha akapiga makofi peke yake.

"Hapo ndipo penye mafunzo! Mwalimu, hapo mrefushe."

Mwandishi akaniangalia kwa ushindi ambao sitausahau.

Nikamwomba mzee atuvumilie kidogo. Kuna zoezi nililolipata kwa Augusto Boal, yule Mbrazili wa tamthilia za wanyonge aliyefariki mwaka 2009: unawatengeneza watu kuwa sanamu, miili tu, bila neno. Nikawaambia baba na mwana watuonyeshe ukurasa wa saba kwa mtindo huo. Baba akainamia redio, bisibisi ikizunguka kwenye skrubu ambayo tayari imekaza. Mwana akanyoosha mkono kuipokea, akaurudisha.

"Sasa hapo watu watajuaje?" akauliza mzee.

"Mzee umeelewa nini?" akauliza mwandishi, kwa heshima zote.

"Si amefukuzwa kazi, na mwanawe anajua! Lakini..."

Akakaa na hiyo "lakini" yake kwa nusu saa. Kwamba mchezo lazima ufunze. Kwamba mwishoni atoke mtu mbele ya pazia aeleze funzo. Nikamweleza kwamba hata Boal, ambaye tamthilia zake zilikuwa za kuzindua watu, katika jukwaa lake la majadiliano aliwaachia watazamaji wasimamishe mchezo, wapande wenyewe wajaribu njia nyingine. Hakuwapa jibu mkononi. Mzee akasema huyo Boal hakuwa na wazazi wa kuwajibu. Nilicheka kweli, nikamwahidi kwamba wazazi wakiuliza nitawajibu mimi. Akaondoka akisema tutaongea. Tutaongea, najua.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Kuna taa iliyogoma, kuna kugombania kofia, kuna mtu aliyelia chooni kwa sababu zisizohusu tamthilia, na mimi nimesema "sauti ifike nyuma" mpaka sauti yangu ikawa haifiki popote. Viti tukavipanga, tukabandua utepe, nikamtafuta mwenye funguo za ukumbi.

Mwandishi wa ule mchezo wa redio mbovu alipoaga alisema, "Nitafikiria, Mwalimu." Nikaona huo ni ushindi.

Saa nne usiku ameleta toleo jipya. Ile hotuba ya baba ameifuta yote, safi kabisa. Ukurasa wa nane ameingiza mzimu wa babu, na mzimu ndio unaitoa hotuba, neno kwa neno, na mwanga wa bluu juu. Nimeandika pembeni, "Mzimu unataka nini?" na kuzima simu.