Jinsi nilivyopata fimbo ya kuvulia inayonipa samaki aina ya wolai mto Detroit

Wanaovua mto Detroit, huu unaotenganisha Marekani na Kanada, wanajua mwezi wa 4 wolai wanapanda toka ziwa Erie kwenda kutaga na wengi tunawavua kwa jigi, yani ndoana yenye kichwa cha risasi, ya kushusha wima chini ya boti. Shida yangu ilikua sihisi samaki akidonoa. Fimbo niliyokua nayo ilikua ya futi 7, faibaglasi, laini mpaka katikati, yani wolai anavuta chambo kidogo tu anatema na mkononi husikii kitu.

Iliyomaliza kazi ni fimbo ya grafaiti (nyuzi za kaboni), futi 6, nguvu ya wastani, ncha inapinda juu tu huku chini imekaza. Ufupi ni muhimu sana maana jigi iko chini ya miguu yako, huhitaji kurusha mbali, na ukihisi tu unanyanyua ndoana inamzama mdomoni hapo hapo. Ila usichukue laini sana, ule mkondo unataka jigi ya aunsi nusu mpaka robo tatu na fimbo nyepesi inakunjwa na uzito wa jigi yenyewe.

Dukani sikuangalia bei wala rangi, nilifunga jigi nikaishusha mpaka sakafuni nikaigongesha taratibu, nikisikia kule kugonga kwenye kishikio nachukua.

Halafu mshipi uwe wa kusuka, wa kuhimili ratili 10, mbele unaunga kipande cha mshipi wa florokaboni (aina ya plastiki). Mshipi wa nailoni unavutika, unaua hiyo hisia yote uliyoilipia.

Sasa hivi hata akigusa tu najua.