Huey Long ninayemkubali ni yule wa tume ya nauli

Watu wakimtaja Huey Long huwa wanakimbilia mwisho, alivyokuwa gavana wa jimbo la Louisiana kule Marekani, alivyoenda useneta, alivyopigwa risasi. Mi nataka nimuongelee kabla ya hapo, alipokuwa na cheo ambacho wengi hata hawakijui, maana kwa maoni yangu hapo ndo alifanya kazi safi kuliko kote alikopita.

Kazaliwa 1893 Winnfield, kaskazini mwa Louisiana, sehemu ya wakulima wasio na kitu. Ujana wake kautumia kutembeza mafuta ya kupikia yanaitwa Cottolene, yalikuwa yanatengenezwa kwa mafuta ya mbegu za pamba na ya ng'ombe, na sisi wa huku Usukumani mafuta ya pamba tumekulia kwahiyo hapo sina haja ya kueleza sana. Mlango kwa mlango, anaongea na kina mama, na barabara za vijijini anazijua kwa matope yake. Sheria kasoma Chuo Kikuu cha Tulane mwaka mmoja tu, 1915 akafanya mtihani wa uwakili akafaulu.

Sasa 1918 anataka siasa ila ana miaka 25, vyeo vikubwa umri unamkatalia. Akapekua sheria akakuta Tume ya Reli haina masharti ya umri, akagombea huko, akashinda. Jina lisikupoteze, hiyo tume ilikuwa inasimamia nauli, simu, mabomba ya mafuta ya petroli, na 1921 ikaitwa Tume ya Huduma za Umma. Yaani chukua wadhibiti wetu wa Tanzania, LATRA wa usafiri, EWURA wa nishati na maji na TCRA wa mawasiliano, uwaweke ofisi moja, halafu makamishna watatu wachaguliwe kwa kura za wananchi. Hapo ndo utaelewa kwa nini nasema cheo hiki sio kidogo, maana mtu wa Igoma au Buhongwa huku Mwanza anayepanda daladala kila asubuhi maisha yake yanaguswa na bei ya nauli kabla hayajaguswa na hotuba ya mtu yeyote.

Na Long alikaa pale akafanya kazi. Kampuni ya simu ya Cumberland ilipandisha bei, yeye akaikomalia mpaka kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1922, na aliyesimama kutetea tume ni yeye mwenyewe, wakili wa chuo mwaka mmoja! Jaji Mkuu Taft akamsifia. Wateja kama 80,000 wakarudishiwa pesa zao. Fikiria unarudishiwa chenji uliyokatwa kwenye simu, sio ahadi, pesa taslimu mkononi. Standard Oil, kampuni kubwa ya mafuta ya petroli, nao akawa anapambana nao kuhusu mabomba yao, ingawa ukweli usemwe, alikuwa na hisa kwenye vikampuni vidogo vya mafuta kwahiyo hasira nyingine zilikuwa za mfukoni kwake.

1924 akagombea ugavana akawa wa tatu, 1928 akapata. Akatoa vitabu vya shule bure, pesa zikitoka kwenye kodi ya mafuta na rasilimali zinazochimbwa. Akamwaga lami na kujenga madaraja kila kona, na pale Ziwa Pontchartrain ambapo watu binafsi walikuwa na daraja la kulipia, serikali yake ikaweka feri za bure. Yeyote aliyewahi kukaa foleni Kigongo akisubiri kivuko, gari la wagonjwa lipo nyuma yake nalo linasubiri, kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025, hawezi kubeza hicho kitu na mi sikibezi hata kidogo.

Lakini huku huku ndo alipoharibu. Wafanyakazi wa serikali wakawa wanakatwa sehemu ya mshahara kwa ajili ya siasa zake, hela zinawekwa kwenye sanduku, asiyemtaka kazi hana. Bunge la jimbo lilipotaka kumng'oa 1929, maseneta 15 wakasaini karatasi kwamba hawatamtia hatiani hata ushahidi uletwe wa aina gani, na wengi wao wakaja kupata vyeo. Sasa yule yule aliyekuwa anaziambia kampuni leteni vitabu vyenu vya hesabu tuvione, yeye vya kwake hakuna wa kuvifungua! Hilo linaniuma kwa kweli. Akajenga jengo la bunge la ghorofa 34 pale Baton Rouge, humo humo akapigwa risasi tarehe 8 Septemba 1935, siku mbili baadae akafariki, miaka 42.

Kuna la watu weusi pia, wanaomsifia huwa wanalipitia juu juu. Katiba ya Louisiana ya 1898 ilishawatoa karibu wote kwenye daftari la wapiga kura. Wakati wa Long watoto wao walipata vitabu, na madarasa ya usiku yalifundisha maelfu ya watu wazima kusoma, wengi wakiwa weusi, sawa, hilo nalihesabu. 1934 kodi ya kupigia kura ikafutwa, wazungu masikini wakaingia kwa wingi kwenye daftari, weusi wakabaki nje. Yaani umemfundisha mzee wa miaka 60 kusoma jina lake halafu karatasi ya kura humpi, na uwezo wa kupitisha sheria yoyote bungeni unao.