Macho ya Baba

"Buluu au manjano?" Baba aliniuliza, nami sikuwa na rangi yoyote ya kumwambia.

Ilikuwa Agosti 1995, nyumbani Njoro, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ua wa michongoma. Pikapu yetu, Peugeot 504, ilikuwa imebeba mitungi 8 ya maziwa ya majirani, na Nakuru mjini ni kilomita kama 20. Kila kaka alipopiga stata, injini ilizunguka kwa nguvu lakini haikushika. Jioni iliyotangulia ilikuwa imemzimikia njiani mara mbili, akanunua koili mpya, kile kifaa kinachoukuza umeme wa betri uweze kupiga cheche, na kuifunga usiku huohuo kwa mwanga wa tochi. Pesa hizo zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya karo yangu ya muhula wa tatu.

Baba alikuwa amefanya ufundi miaka mingi pale jua kali Nakuru, mpaka mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili. Alibaki kuona mwanga na vivuli tu. Alitoka nje akipapasa ukuta, koti zito begani, akaniita: "Mama, njoo uwe macho yangu." Nilikuwa na miaka 14.

Nilifungua plagi ya kwanza nikampa ainuse. "Petroli inafika. Kinachokosekana ni moto, ile cheche." Akaniambia niipanguse, niivishe waya wake, niilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu lake. Kaka akapiga stata. Giza. Kisha nikachomoa kwenye distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa plagi, ule waya mnene utokao katikati ya koili, nikaushika kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha yake karibu na chuma, nafasi ya upana wa punje ya mahindi. Giza vilevile.

"Basi kifuniko cha distribyuta na rota iliyo ndani yake tuviache. Moto unafia kabla ya hapo."

Alikuwa na testa aliyoitengeneza mwenyewe: balbu ya indiketa, nyaya mbili na kibanio. Upande wa koili unaopokea umeme kutoka kwenye swichi, balbu iliwaka vizuri. Upande wa pili, ule unaokwenda kwenye distribyuta, haikuwaka kabisa, hata injini ikizungushwa. Hapo ilipaswa kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kila pointi, vile vibati viwili vya kukata umeme ndani ya distribyuta, zinapofunguka na kujifunga.

"Hii koili mpya ni mbovu, nitairudisha dukani," kaka akasema.

"Ngoja. Mama, toa ule waya mwembamba wa distribyuta kwenye koili, upime tena palepale."

Balbu ikawaka.

Nakumbuka alivyovuta pumzi. Umeme ulikuwa unapita ndani ya koili bila shida. Kumbe waya ukiwa umefungwa, wote ulikuwa ukikimbilia kwenye bodi, chuma cha gari. Na koili haitoi moto kwa kupitishiwa umeme tu. Hutoa pale umeme huo unapokatwa ghafla. Usipokatwa, plagi hazipati kitu. Akauliza kama pointi zinafunguka. Kaka akazungusha injini polepole kwa spana, nikaona zikiachana, na kibati cha geji cha milimita 0.4 kikapita katikati bila kubana.

"Basi kuna mlango wa nyuma ulioachwa wazi. Fungua kondensa."

Ni kidude cha duara, kidogo kama ncha ya kidole, kimeshikwa na skrubu moja ubavuni mwa distribyuta. Kazi yake ni kuumeza umeme pointi zinapoachana ili zisipige cheche zenyewe kwa zenyewe. Nilikitoa, nikarudisha ule waya mwembamba na testa, kaka akapiga stata. Balbu ikaanza kukonyeza: kondensa ndiyo iliyokuwa ikiupitisha umeme kwenye bodi. Nilipiga kelele hadi Mama akatoka jikoni.

Bila kondensa plagi ilitoa cheche ya manjano, dhaifu, na Baba akasema hiyo haitawasha hata karatasi. Akaniagiza mkebe wake wa vipuri vya zamani. Zilikuwemo kondensa 2. Tuliziunga moja moja kati ya betri na bodi kupitia testa: ya kwanza ikawasha balbu, maana yake nayo ilikuwa imepiga shoti, nikaitupa. Ya pili ikaiacha gizani. Nikaifunga.

Baba aliinama, sikio lake karibu na plagi. Kaka akapiga stata. Tak, tak, tak.

"Rangi gani?"

"Buluu, Baba. Buluu kabisa."

Maziwa yalikuwa yanangoja na kumeanza kupambazuka, lakini alimwambia kaka apige tena. Kisha akanishika bega. "Niambie tena inavyoonekana."

Nikamwambia.