Matembezi 19, Nyoka 9: Kumbukumbu ya Njia za Miguu

Mwezi wa Januari niliandika ahadi katika ukurasa wa kwanza wa daftari: kabla mwaka haujaisha nitakuwa nimetembea mara 24 katika njia za miguu za Kisumu, Kakamega na Nakuru, na kila nitakapomwona nyoka nitatia alama kwenye ramani niliyoichora mwenyewe, nukta nyekundu kwa aliye hai na msalaba kwa aliyekufa. Sikuwachagua nyoka kwa mapenzi. Niliacha kutembea porini kwa miaka mingi kwa kuwaogopa, na kila aliyenionya juu ya njia fulani alinisimulia habari ya mtu aliyesikia kwa mtu mwingine, hata nikaona ni afadhali nihesabu mwenyewe. Sasa ni Oktoba, nami nimemaliza safari ya 19. Ramani ina nukta 9 na misalaba 2, na haifanani na ile niliyoitarajia, kwa kuwa katikati ya msitu wa Kakamega, mahali nilipodhani patajaa wekundu mtupu, pana nukta 2 tu.

Safari ya 1 hadi ya 5: kando ya ziwa

Nilianzia karibu na nyumbani, katika hifadhi ndogo ya swala iliyo ufukoni mwa ziwa hapa Kisumu. Nilikuwa bado sijatembea nusu saa majani yalipochakarika upande wa kulia, nikaruka hadi chupa ya maji ikaanguka; aliyetoka alikuwa kenge, akaelekea majini bila haraka yoyote. Wahenga walisema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini mimi sijatafunwa hata mara moja, kwa hiyo methali hiyo haikunipa udhuru.

Nukta 3 za kwanza zote ni za upande huu wa ziwa, na mbili kati yake hazina la kusimulia, kwani niliona mkia tu ukiingia kichakani. Ile ya tatu niliipata Dunga, kwenye mafunjo, ambako chatu mchanga alikuwa akiogelea kando ya mtumbwi huku kichwa chake kikiwa juu ya maji kama ncha ya fimbo. Mvuvi aliyekuwa akinivusha aliacha kupiga kasia, akasema kwa sauti ya chini, akimtaja chatu kwa jina lake la Kijaluo, "Huyo ni ng'ielo, mwalimu. Mwache apite." Wazee wa Nyakach, kusini mwa Ghuba ya Winam, bado wanamkumbuka Omieri, chatu mkubwa ambaye watu walimhusisha na mvua na mavuno mema, na ambaye mwaka 1987 aliungua katika moto wa nyasi, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafia huko. Chatu hana sumu, lakini sidhani kwamba hilo ndilo lililomfanya mvuvi yule anyamaze.

Kisha nilirudi mara mbili katika Jumba la Makumbusho la Kisumu, ambako nyoka huonyeshwa nyuma ya vioo, nikakaa mbele ya kifutu kwa muda mrefu kuliko watoto wa shule waliokuja na kuondoka. Nilitaka macho yangu yazoee umbo lake kabla miguu yangu haijakutana naye. Ziara hizo sikuzihesabu kuwa safari.

Safari ya 6: Menengai

Kifutu huyo nilikutana naye Nakuru, kwenye ukingo wa Menengai, ule mlima wa volkano uliobomoka juu na kuacha shimo pana la kilomita 12 hivi, ambapo mtu akisimama kwenye kilele cha mita 2,278 huona miamba myeusi iliyomwagika chini na mvuke ukipanda hapa na pale. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Jua lilikuwa limeanza kuipasha njia, na kifutu alikuwa amelala katikati ya vumbi, mnene, mfupi, akiota joto. Aliposikia mtikisiko hakukimbia. Hilo ndilo jambo la kujua kuhusu kifutu: nyoka wengi humhisi binadamu kupitia ardhi na kujitenga mapema, lakini yeye hutegemea rangi yake na kubaki palepale, mpaka mguu unamfikia. Alijivimbisha na kutoa pumzi yenye mlio kama tairi inayovuja, nami nikarudi nyuma hatua saba au nane na kumpisha kwa dakika 20, mpaka alipojiburuta mwenyewe hadi kwenye nyasi. Nilisoma baadaye kwamba kifutu jike mwenye asili ya Kenya, aliyefugwa katika bustani ya wanyama ya Jamhuri ya Czech, alizaa watoto 156 kwa mkupuo mmoja. Siku hiyo singependa kuifahamu habari hiyo.

Safari ya 7 hadi ya 13: Isecheno

Sehemu kubwa ya daftari ni ya Kakamega, na sioni haja ya kuomba radhi kwa hilo. Kutoka Kisumu hupanda matatu hadi Khayega, kisha boda boda kupitia Shinyalu hadi Isecheno, na mara tu mtu anapoingia chini ya miti mwanga hubadilika na kuwa wa kijani, hewa hupoa, na mbega huanza kuruka juu yake wakiwa na mikia yao meupe. Huu ni mabaki ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na ile ya Kongo, na ndiyo maana una wanyama wasioonekana kwingine nchini, wakiwemo nyoka kadhaa.

Mwelekezi wangu ni mzee wa Shinyalu ambaye amezitembea njia hizi tangu utotoni na ambaye humwita kila mgeni "mwanangu", hata mgeni akiwa na mvi. Katika safari ya 7 alinikataza mambo matatu kabla hatujaanza. Nisikanyage upande wa pili wa gogo bila kulipanda kwanza na kutazama chini yake. Nisishike shina wala tawi kwa kujisaidia kupanda kabla sijalitazama. La tatu lilinishangaza: nisitembee huku nikitazama ndege. Mtu akitaka kumtazama ndege asimame, atazame mpaka atosheke, kisha arudishe macho njiani ndipo aanze kutembea. Nilikuwa nimekuja na darubini nikitumaini kumwona shorobo mkubwa wa buluu, kwa hiyo nilitii kwa shingo upande, na safari ya kilomita nne ikachukua karibu saa tano. Tangu siku hiyo sijatembea kwa mwendo mwingine. Niliporudi nyumbani niligundua kwamba nimeandika kurasa sita za kuvu, vipepeo na mukombero, ule mzizi ambao watu wa huku hutafuna, ilhali Menengai niliiandikia ukurasa mmoja na nusu, tena wote wa kifutu.

Safari ya 9 ndiyo ninayoisimulia watu wanaponiuliza. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, na tulikuwa tukikaribia kijito. Mzee alininyoshea fimbo kifuani kunizuia, kisha akaielekeza kwenye rundo la majani makavu umbali wa hatua tatu. Sikuona kitu. Akaniambia nitafute pembe. Nilitazama kwa muda ambao huenda ulikuwa dakika nzima, nikiona majani, kijiti, majani, na ghafla kijiti kikawa ukingo wa taya, na juu ya pua zikasimama pembe ndogo zilizosongamana. Alikuwa kifutu wa msituni mwenye pembe puani. Katika picha nyoka huyu huonekana kama kitambaa cha sherehe, mwenye mabaka ya buluu yaliyozungukwa na manjano, wekundu na weusi, hata nikawa najiuliza mnyama wa rangi hizo angejifichaje. Jibu lilikuwa mbele yangu. Mwanga wa msituni huanguka vipandevipande, na rangi zake huvunja umbo la mwili, hivi kwamba jicho huona vipande na kukosa kuviunganisha. Hakusogea hata kidogo. Tulizunguka mbali, na mikono yangu ilitetemeka hadi tulipovuka kijito, ingawa, nikisema kweli, kutetemeka huko kulikuwa na furaha ndani yake.

Nukta ya pili ya msituni ina alama ya kuuliza. Katika safari ya 12 nilimwona nyoka wa kijani juu ya kichaka, mwembamba, akitiririka kutoka tawi hadi tawi, kisha akatoweka. Anaweza kuwa mmoja wa nyoka wa kijani wasio na madhara. Anaweza pia kuwa yule ambaye wataalamu humwita mamba wa Jameson, ambaye jamii yake ya huku, yenye mkia mweusi, ilipewa jina la Kaimosi, mahali palipo jirani na msitu huu, na mtaalamu wa nyoka Arthur Loveridge mwaka 1936. (Kwa msomaji wa Kiswahili jina hilo ni mtego, maana mamba wetu ni yule wa mtoni.) Sikuuona mkia. Sumu ya nyoka huyo hushambulia neva hadi mtu ashindwe kupumua, kwa hiyo nimeacha kabisa tabia ya kuamua kwa rangi kwamba nyoka fulani ni mpole, na daftarini nimeandika tu: kijani, hajulikani.

Kilima cha Lirhanda tulikipanda alfajiri katika safari ya 13 tukiwa na tochi, tukaona jua likichomoza juu ya ukungu. Kwenye shimo la kale la wachimba dhahabu, ambalo sasa ni makao ya popo, sikuingia.

Safari ya 14: jikoni kwa shemeji

Nukta 3 zilizobaki, pamoja na misalaba yote miwili, ziko kwenye kingo za msitu: barabara ya Shinyalu, shamba la miwa, na nyumba ambayo hulala ninapokwenda huko. Mke wa kaka yangu alikuwa akinicheka kwa gambuti zangu na soksi ndefu. Jioni hiyo nilikuwa nimerudi salama, nimevua buti na kuvaa kandambili, nikisubiri chai, aliponiita kwa sauti tulivu mno. "Shemeji, kuna kamba jikoni." Nyumbani kwake nyoka hatajwi kwa jina lake giza likiingia. Kamba huyo alikuwa swila, aliyeingia kupitia rundo la kuni kufuata kiota cha kuku, na alikuwa ameinua shingo kati ya jiwe la mwisho la jiko na ukuta. Swila wa namna hii hutema sumu akilenga macho, kwa hiyo tuliwatoa watoto kwanza, waliokuwa pekupeku wote, tukaacha mlango wa nyuma wazi na kurudi mbali. Vijana wa jirani walikuja na marungu, na kulikuwa na ubishi mkali kabla hawajakubali kungoja. Baada ya robo saa alitoka, akapita chini ya ua.

"Umezunguka msitu mzima ukimtafuta," shemeji akaniambia akimimina chai, "kumbe alikuwa anakungoja kwangu."

Kesho yake tuliihamisha kuni mbali na ukuta na kuiinua juu ya mawe, tukapandisha kiota. Usiku huo pia ndio ulioniwezesha kuzielewa takwimu nilizokuwa nimezisoma tu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba sumu ya nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka ulimwenguni, na mwaka 2017 liliiweka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Wengi wa wanaoumwa ni wakulima, wachungaji na watoto. Mtalii mwenye buti hatajwi. Yeye hupita msituni mara moja kwa mwezi akiwa na mwelekezi, ilhali shemeji hutia mkono kwenye kuni kila siku kabla hapajapambazuka.

Ukurasa wa mwisho wa daftari

Baada ya hapo niliandika ukurasa mpya na kuubandika ndani ya jalada. Una namba ya mwendesha boda boda aliyekubali kuitwa saa yoyote, na jina la hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Kuipata hospitali hiyo kulinigharimu siku mbili za kupiga simu, kwani zahanati ya kwanza iliniambia niende na mgonjwa kwanza ndipo waangalie, na ya pili ilikuwa na dawa iliyokwisha muda. Dawa hii hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo na kuvuna kingamwili kutoka kwenye damu yake, huwa ghali, nyingine huhitaji ubaridi, na iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia haimfai aliyeumwa na nyoka wa hapa.

Chini yake niliandika yatakayofanywa mmoja wetu akiumwa: tusogee mbali na nyoka wala tusimfuate, pete na saa zivuliwe kabla ya uvimbe, mguu ufungwe kwenye kijiti usitikisike, mgonjwa asitembee, apakiwe kwenye pikipiki kati ya dereva na mtu wa kumshikilia, saa ya kuumwa iandikwe. Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji mengi. Hakuna kuchanja, hakuna kunyonya, hakuna kukaza kamba. Mzee alikubali yote isipokuwa habari ya jiwe jeusi, ambalo watu huamini hunyonya sumu likiwekwa juu ya jeraha, ambalo analo mfukoni na ambalo, kwa hakika, ni kipande cha mfupa uliochomwa. Tulibishana hadi Khayega. Mwishowe alikubali kwamba jiwe linaweza kuwekwa pikipiki ikiwa tayari inaelekea hospitalini.

Zilizobaki

Safari 15 hadi 19 hazikuleta nukta yoyote, na nilizifurahia kuliko zote. Zimebaki 5. Nitazitumia upande wa Buyangu, kaskazini mwa msitu, na kwenye maporomoko ya Isiukhu, ambako mzee anasema miamba huwa na utelezi na mtu hushawishika kushika chochote kilicho karibu. Gambuti la kushoto limepasuka kisigino. Litakwenda kwa fundi wa viatu Kibuye kabla ya Jumamosi.